Uwekevu wa Hofu na Uwekevu wa Utu

Katika lugha yetu, mtu anayetumia mali bila kipimo huitwa mbadhirifu. Anayejinyima na kuwanyima wengine huitwa bahili. Anayetumia kwa kipimo, akaweka cha kesho bila ya kumnyima wa leo, huitwa mwekevu. Wawili wa kwanza hulaumiwa, na wa tatu husifiwa. Majina hayo matatu ni mepesi kuyakariri, lakini si mepesi kuyatenganisha katika maisha, hasa katika jambo la chakula, ambalo humgusa kila mtu kila siku. Nataka, msomaji kijana, tulitazame jambo hili pamoja kwa mfano wa miaka ambayo wewe mwenyewe uliiona ungali mtoto, yaani miaka ya maradhi ya korona.

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba maradhi hayo yamekuwa janga la dunia nzima. Siku mbili baadaye Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza. Tarehe 15 ya mwezi huo huo iliamriwa shule zifungwe. Tarehe 27 ikaanza kafyu, tangu saa moja ya usiku hadi saa kumi na moja ya alfajiri. Tarehe 6 Aprili ikakatazwa kuingia Nairobi na kutoka, na siku chache baadaye katazo hilo likafika Mombasa, Kilifi na Kwale. Madarasa machache yalirudi shuleni mwezi wa Oktoba, na wanafunzi wengine wote walirudi Januari 2021. Kwa hiyo kwa miezi mingi watoto walishinda nyumbani, na wengi wao, pengine kwa mara ya kwanza, walishuhudia chakula kikinunuliwa, kikipimwa, kikipikwa na kugawanywa asubuhi, adhuhuri na jioni.

Katika nyumba nyingi tabia ilibadilika. Ugali uliobaki usiku, ambao zamani ulitupwa bila ya kufikiriwa, ulikatwa vipande ukakaangwa asubuhi. Githeri ya jana iliongezwa viazi ikawa chakula cha leo. Maziwa yaliyoelekea kuchacha yaliachwa yagande yakawa mala. Vikonyo vya sukuma wiki vilikatwakatwa vidogo vikapikwa pamoja na majani yake. Mchele uliokuwa ukikisiwa kwa macho ulianza kupimwa kwa kikombe. Mwiku, yaani chakula cha jioni kilichowekwa hadi asubuhi, ambao vijana wengi waliuona kuwa ni aibu, ulirudi mezani na heshima yake. Hapana amri ya serikali iliyoagiza mambo hayo. Yaliagizwa na mfuko uliopungua fedha na soko ambalo watu waliogopa kulikaribia.

Kabla hatujaendelea, haki yataka tuwakumbuke watu ambao mazungumzo haya hayawahusu. Kibarua wa mjengo, mfuaji wa nguo za watu na mtumishi wa hoteli iliyofungwa hawakuwa na cha kutupa. Mwezi wa Aprili 2020 habari zilienea nchini juu ya mama mmoja aliyeteleka mawe ili watoto wake wadhani kwamba chakula kinapikwa, wapate usingizi wakingoja. Jirani aliyejua hali yake alipaza sauti, na watu wengi wasiomfahamu wakampelekea msaada. Kumsifu mtu wa namna hiyo kwa uwekevu ni kumdhihaki. Wema wa kutotupa chakula huanza pale mtu anapokuwa na uwezo wa kukitupa. Asiye na cha kutupa hahitaji mafundisho juu ya thamani ya chakula, bali anahitaji chakula.

Basi swali letu ni juu ya wale wenye uwezo, ambao siku za janga waliacha kutupa kwa sababu ya hofu. Je, watu hao walipata wema, au walipata hofu tu?

Swali hili si la maneno matupu. Nchini Uingereza shirika moja liitwalo WRAP huwauliza watu mara kwa mara habari za chakula cha majumbani mwao. Novemba 2019, kwa viazi, mkate, maziwa na kuku, majibu ya watu yalionyesha kwamba karibu sehemu 24 katika kila 100 zilitupwa. Aprili 2020, watu walipokuwa wamefungiwa nyumbani, kiasi hicho kilishuka hata kikawa karibu 14. Watu walipanga manunuzi yao, walitazama kabati kabla ya kwenda dukani, na walipika mabaki. Lakini amri zilipolegezwa na watu wakarudi katika haraka zao, kiasi hicho kilianza kupanda tena. Itazame nyumba unayoijua wewe mwenyewe, hapa kwetu, ujiulize kama kikombe cha kupimia mchele kingali na kazi yake au kimekwisha sahauliwa.

Tena hofu haikufundisha somo moja. Katika siku zile zile za Machi 2020 wenye fedha waliyakimbilia maduka makubwa, wakajaza vikapu unga, mchele, mikate na mboga kana kwamba hakutakuwa na kesho. Wahenga walisema akiba haiozi, nao walisema kweli kwa fedha na kwa nafaka iliyokaushwa vizuri, lakini nyanya hazikuisikia methali hiyo. Katika nyumba nyingi zilizojaza hivyo, unga uliingia wadudu, mkate uliota ukungu, na mboga zilitoka jikoni kwa mlango wa nyuma. Ndiyo kusema kwamba hofu ile ile ilimfundisha mmoja kuweka na mwingine kuhodhi, na pengine mtu yule yule alihodhi mwezi wa Machi akaweka mwezi wa Mei. Mwalimu anayefundisha mambo mawili yanayopingana hawezi kuwa mwalimu wa kutegemewa.

Huenda mtu akasema kwamba nyumba zinaonewa, kwa kuwa upotevu mkubwa uko kwingine. Ni kweli kwamba si upotevu wote ni wa jikoni. Mwaka 2020, hoteli na shule zilipofungwa, wafugaji wa Marekani walimwaga maziwa mengi kwa kukosa wa kuwauzia, wala hilo si kosa la mpishi yeyote. Lakini Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako hapa Nairobi, lilitoa taarifa mwaka 2021 juu ya chakula kilichotupwa duniani mwaka 2019 katika maduka, mahoteli na nyumba. Jumla ilikadiriwa kuwa tani milioni 931, na karibu sehemu 61 katika kila 100 zilitoka majumbani. Basi jiko dogo la kila mmoja wetu, likijumlishwa na majiko ya jirani zake wa dunia nzima, si jambo dogo.

Sasa tupime hoja za wanaotetea utupaji, kwani ni vibaya kulaumu tendo pasipo kusikiliza utetezi wake.

Hoja ya kwanza ni ya mwenye mali. Yeye husema, “Chakula hiki nimekinunua kwa fedha yangu halali. Nikile, nikimwage, nimemkosea nani?” Hapana shaka kwamba hakumwibia mtu. Lakini tutazame kile alichokinunua. Mahindi ya nyanda za Trans Nzoia na Uasin Gishu hupandwa mvua ndefu zinapoanza, kiasi cha Machi au Aprili, na huvunwa tangu kiasi cha Oktoba. Katikati ya miezi hiyo kuna kulima, kupanda, kupalilia na kuweka mbolea, na baada yake kuna kuvuna, kupukuchua, kuanika, kuchukua na kusaga. Mwaka 2020 kulikuwa na jambo la zaidi. Mlimaji alikwenda shambani na mwenye kibanda akafungua kibanda chake wakati watu walipoambiwa wakae nyumbani. Madereva wa malori, waliochukua bidhaa za nchi yetu na za jirani zetu, walikaa katika foleni za kilomita nyingi huko Malaba na Busia wakingoja majibu ya vipimo, mbali na jamaa zao, huku watu wakiwakimbia kana kwamba wao ndio maradhi.

Utasema kwamba wote hao walilipwa. Naam, walilipwa, wengine vizuri na wengine vibaya. Lakini fikiri habari ya fundi uliyemlipa akushonee nguo, naye akaishona kwa uangalifu, kisha wewe ukaichoma moto mbele ya macho yake. Hana haki ya kukudai hata senti moja. Je, hana haki ya kuhuzunika? Atahuzunika kwa sababu alikupa kitu ambacho fedha haikukinunua, nacho ni nia yake kwamba kazi yake ifae. Aliyelima mahindi alitaka yaliwe. Mwenye kuyatupa hakuvunja sheria ya nchi, lakini amemdharau mtu asiyemwona. Dharau kwa mtu asiyeonekana ni dharau vilevile, tena ni nyepesi zaidi kutendwa, kwa kuwa hapana macho ya mtu wa kumwonea haya.

Hoja ya pili ni ya mtu wa hesabu. Yeye husema, “Nikimaliza wali wangu hapa Nakuru, mwenye njaa wa Turkana hashibi.” Ni kweli, wali wa sahani yako hauwezi kusafiri, na mzazi anayemlazimisha mtoto ale kupita kiasi kwa kuwa wengine wana njaa anamwongezea mtoto maumivu ya tumbo bila ya kuipunguza njaa ya mtu. Lakini aliyedhurika hayuko Turkana peke yake. Katika siku zile za Machi, rafu za maduka zilipobaki tupu, waliokosa ni wale wanaolipwa jioni kwa kazi ya mchana, ambao hawawezi kununua ila cha siku moja. Walifika dukani wakati wenye magari wamekwisha ondoka. Sehemu ya unga waliokosa ilikuwa katika kabati za watu ambao baadaye waliutupa. Hata katika siku za amani, anayenunua zaidi ya atakachokula huongeza mahitaji sokoni, na mahitaji yakizidi, bei hupanda kwa yule anayenunua gorogoro moja. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini wote wawili hununua katika soko moja.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, nayo si ya mtupaji bali ni ya mtu wa busara. Yeye husema, “Nia ni ya nini? Chakula kikiokolewa kimeokolewa. Aliyekiokoa kwa hofu na aliyekiokoa kwa upendo wameokoa kilo ile ile.” Kwa upande wa kilo, neno lake ni la haki, wala tusidharau kilo. Lakini mtu si mizani. Twamwuliza ametenda nini leo, na tena twamwuliza atatenda nini kesho, hali itakapobadilika. Mtu asiyeiba kwa sababu ya askari hana wizi kwa muda wote askari anapokuwapo. Mtu asiyeiba kwa sababu ameelewa haki ya mwenzake hana wizi mchana wala usiku. Wote wawili mikono yao ni safi leo, lakini ni mmoja tu unayeweza kumwachia ufunguo wa nyumba yako.

Mfano mwingine wa miaka ile utalifafanua jambo hili. Katika mwaka wa 2020 karibu kila mlango wa duka ulikuwa na mtungi wa maji wenye mfereji, na kipande cha sabuni. Tulinawa kwa hofu. Hofu ilipokwisha, mitungi mingi iliondolewa, na watu wengi wakarudi katika desturi zao za kale. Lakini wako waliojifunza kwamba mikono michafu huleta maradhi ya kuhara na mengine mengi yaliyokuwako kabla ya korona na yaliyobaki baada yake. Hao wangali wananawa. Hofu iliwafikisha mlangoni, na ufahamu ukawaingiza ndani. Basi tusiitukane hofu kupita kiasi. Yaweza kumwamsha mtu aliyelala, lakini baada ya kumwamsha haiwezi kumwongoza njia. Kazi hiyo ni ya ufahamu na ya utu.

Liko jambo moja zaidi ambalo janga lilitufunulia, nalo ni juu ya mgeni. Katika nyumba nyingi za Kenya, bara na pwani, ni desturi kupika zaidi ya hesabu ya watu wa nyumbani. Chakula kile cha ziada si ubadhirifu. Ni sehemu ya mtu ambaye bado hajabisha hodi, na asipotokea, mtoto wa jirani huimaliza. Siku za korona milango ilifungwa. Mgeni hakuja, na mtoto wa jirani aliambiwa abaki kwao. Watu waliogopa hata kupitisha sahani juu ya ua. Kilichokuwa ukarimu jana kikawa makombo leo, ijapokuwa sufuria ilikuwa ile ile na kipimo kilikuwa kile kile. Hapo twajifunza kwamba ubadhirifu haupimwi kwa ukubwa wa sufuria. Hupimwa kwa kuuliza, ‘Nani atakula?’ Nyumba yenye jibu la swali hilo yaweza kupika kingi bila ya kulaumiwa. Nyumba isiyojiuliza itatupa hata ikipika kidogo.

Kwa sababu hiyo ni hatari kuuacha uwekevu wa siku za hofu ukae nasi bila ya kuutengeneza. Nyumba iliyojifunza kupima mchele kwa vichwa vya watu wake tu, na ikaendelea hivyo baada ya milango kufunguliwa, haitupi kitu, lakini pia haimpi mtu kitu. Imetoka katika ubadhirifu, ikampita mwekevu njiani bila ya kumwona, ikafika kwa bahili. Uwekevu wa utu hupima ili kipatikane cha kutoa. Hutoa mapema, kingali chakula, wala haungojei kichache ndipo ukiite sadaka. Kumpa maskini kile ambacho wewe mwenyewe umekikataa kwa sababu ya harufu yake si ukarimu. Ni kulifanya tumbo lake kuwa pipa lako la taka.

Msomaji kijana, huenda ukaona kwamba maneno haya ni ya wenye nyumba, nawe bado huna nyumba. Lakini unayo sahani. Karibu na mlango wa bwalo katika shule nyingi za bweni pana pipa la makombo, na mtu akitaka kuijua shule hiyo, hana haja ya kuanza na ofisi ya mwalimu mkuu. Atazame kwanza ndani ya pipa hilo. Ataona ugali mzima uliochukuliwa kwa pupa ukaachwa kwa kinyaa, na maharagwe ambayo mwenzako wa mwisho katika foleni aliyakosa. Mwaka 2020 huo huo wa janga, nzige wa jangwani waliokuwa wameingia nchini mwishoni mwa 2019 walikula malisho na mimea ya kaskazini, nasi sote tuliwalaumu. Nzige wana udhuru mmoja ambao sisi hatuna, kwamba walichokiharibu walikila.

Sikuombi ule usichokitaka, wala umalize usichokiweza. Nakuomba upakue kidogo kwanza, kisha uongeze kama bado una njaa. Ukiwa nyumbani, jua kilichomo kabatini kabla ya kutumwa dukani, na kilichonunuliwa kwanza kiliwe kwanza. Ukipika, uliza kwanza nani atakula, na katika hesabu yako mwekee mtu mmoja asiyekuwapo. Kikibaki, amua usiku huo huo kitakuwa chakula cha nani asubuhi. Hayo ni mambo madogo, na mtu anaweza kuyatenda yote kwa kumwogopa mama yake au mwalimu wa zamu.

Lakini siku moja mama hatakuwapo jikoni, wala mwalimu hatakuwapo bwaloni, wala hapatakuwa na janga la kututisha. Utakuwa na fedha yako, sufuria yako na pipa lako, na hapana mtu atakayekuuliza. Siku hiyo ndiyo itakayoonyesha kama ulijifunza hofu au ulijifunza utu.